"Picha Nzuri Dada" Haimsaidii Mwenzako Kuuza

Leo sina somo la bei wala la kusafirisha mzigo. Leo nataka tuongelee midomo yetu, hasa pale mwenzetu anapoposti picha ya bidhaa yake na sisi tunaona kabisa kwamba ina kasoro.

Naanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akadhani najifanya mwalimu.

Mimi nauza dagaa na mawese hapa Ujiji. Wateja wangu wengi wako mbali: Dar, Morogoro, Dodoma. Tuna kundi letu la WhatsApp la wauzaji wa huku, watu arobaini na kitu. Kila asubuhi mtu anatupia picha za mzigo wake ili wenzake wamsaidie kusambaza. Mwaka juzi, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, dada mmoja wa Mwanga alitupia picha ya dagaa wake. Alikuwa amewamwaga juu ya turubai la bluu, saa saba mchana, jua la utosini, na yeye mwenyewe amewasimamia kwa juu. Kivuli chake kimelala katikati ya mzigo. Kwenye ile picha dagaa walionekana wa kijivu, wamenywea kama wamelowa.

Watu wakaanza: "Picha nzuri dada." "Mzigo umenoga." Vidole gumba vikapangana. Mimi nikaona nichekeshe kundi. Nikaandika: "Dada, hao ni dagaa au majivu?" Watu wakacheka sana. Yeye hakujibu kitu. Jioni tukaona ametoka kwenye kundi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma mpaka leo. Wale dagaa walikuwa wazuri. Nilijua ni wazuri, kwa sababu mimi na yeye tulinunua siku moja, mwalo wa Kibirizi, kwa mkaushaji mmoja. Walikaushwa juu ya chanja, hawana mchanga, wanang'aa. Wangu niliwauza wote ndani ya siku chache. Yeye hakuposti tena.

Baada ya wiki kama tatu roho ikanisuta, nikamfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri tu, akanipa na chai. Nikamuuliza, "Wale dagaa uliwauza?" Akaniambia, "Walikula kuku, dada." Gunia mbili zilikaa ndani, mvua zikazidi, zikaingiwa unyevu, zikaanza kunuka. Akaja mtu anayetengeneza chakula cha kuku akazichukua kwa bei ya kutupa, chini ya nusu ya hela aliyonunulia. Na ile hela ilikuwa ya vikoba.

Halafu akaniambia neno moja: "Ungenifuata inboksi ukaniambia ile turubai inaharibu rangi, ningekushukuru. Mimi nilidhani picha iko sawa, si wote walisema nzuri?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye lile kundi hakuna aliyemsaidia. Mimi nilimvunja moyo. Wale wengine walimdanganya. Na kwa hasara aliyopata, sioni tofauti kubwa kati yetu.

Tuna msemo wetu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale sokoni. Mteja akija Kibirizi anashika dagaa, anawanusa, anavunja mmoja, anatia mdomoni. Chema kinajiuza chenyewe. Lakini mteja aliye Dar yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa. Hashiki, hanusi, haonji. Ana picha tu. Chema kikipigwa picha mbaya, kwake ni kibaya, na wala hatakuambia. Atapitiliza aende kwa mwingine, na wewe utabaki unasema biashara ya mtandaoni ina ushirikina.

Sisi watu wa Ujiji tuna mfano hapa hapa nyumbani. Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, hakuna picha ya kamera ya siku ile. Watu wa Ulaya na Marekani waliliona tukio kwa mchoro uliotiwa kwenye kitabu cha Stanley mwaka uliofuata, na mpaka leo wengi wakisikia Ujiji wanakumbuka ule mchoro. Mtu wa mbali hana namna, anaamini anachoonyeshwa. Mteja wako ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwenzako akiposti picha, mwambie kile ambacho mteja wa mbali anakiona na kile ambacho hawezi kukiona. Usimwambie kama picha ni nzuri au mbaya. "Nzuri" haimpi kazi ya kufanya. "Mbaya" nayo haimpi kazi ya kufanya, inampa aibu tu. Lakini ukimwambia, "Mimi nikiiangalia siwezi kujua kama dagaa wako wamekauka, kwa sababu kivuli kimewafunika," hapo umempa kitu. Anajua tatizo liko wapi, na anajua halipo kwenye mzigo wake wala kwenye akili yake.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, na naona unafanya kazi.

Kwanza, simwambii mtu mbele za watu. Namfuata inboksi. Na kabla ya kusema, naomba ruhusa. Si mambo ya kujipendekeza, ni adabu tu, kama unavyobisha hodi kabla ya kuingia kwa mtu. "Dada habari za asubuhi, nimeiona picha ya migebuka yako. Naweza kukwambia kitu kimoja nilichokiona?" Wengi wanasema ndiyo. Akisema hapana au akikaa kimya, namwacha. Picha ni yake, biashara ni yake.

Pili, nasema kitu kimoja tu. Zamani nikianza kukosoa nilikuwa namwaga vyote: mwanga, nyuma kuna ndoo, picha imepinda, maandishi madogo, bei haipo. Mtu akisoma mambo saba anachoka, hafanyi hata moja. Siku hizi nachagua kile kinachomzuia mteja zaidi, hasa kile kinachorekebishika leo leo bila kutoa hela. Usimwambie mtu mwenye simu ya kawaida akanunue simu ya kamera tatu. Hiyo ni kumsimanga. Mwambie asogee mlangoni.

Tatu, namwambia sababu na namna. Turubai la bluu nilishaeleza wengi: mwanga ukigonga kwenye bluu unarudi na rangi yake, unawapiga dagaa, na dagaa kwa kuwa ni weupe wanaonekana wamepauka na kuwa kijivu. Namna: tandika gunia jeupe safi, au ungo, au mkeka usio na rangi kali. Jua la saa saba linakata vivuli vikali. Piga saa tatu au saa nne asubuhi, au saa kumi jioni. Ukikosa muda, ingia chini ya mwembe au kwenye kivuli cha nyumba, sehemu yenye mwanga wa kutosha lakini jua halikupigi moja kwa moja. Na simama upande, usisimame kati ya jua na mzigo.

Nitoe mfano mwingine. Kuna mama mmoja mtaani kwetu anauza mawese. Mjukuu wake alimfungulia ukurasa, na mama mwenyewe ndiye anapiga picha. Kila picha ina ukungu, kama imepigwa ndani ya moshi. Watu walikuwa wanasema simu yake mbovu. Siku moja nikapita kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mama, nimeziona picha zako za mawese. Naruhusiwa kusema kitu?"

"Sema tu mwanangu, mimi najifunza."

"Mimi nikiangalia naona chupa, lakini ile rangi ya mawese yako siioni vizuri, kuna ukungu. Hebu nione simu."

Nikaigeuza. Lenzi yote ina mafuta! Anapima mawese, anamimina, halafu kwa vidole vile vile anashika simu. Akachukua ncha ya khanga yake akafuta, tukapiga tena pale pale mlangoni, chupa ikiwa imeelekea mwanga. Ile rangi nyekundu ikatoka yenyewe. Mama akacheka sana: "Kumbe simu nayo ilikuwa inakula mawese yangu!" Siku hizi anafuta lenzi kila kabla ya picha.

Oneni hapo. Ningemwambia "mama picha zako zina ukungu, nunua simu nyingine", ningekuwa nimemkosesha hela na tatizo lingebaki pale pale, maana hata simu mpya angeishika kwa mikono ile ile. Kazi ya anayetoa maoni ni kutafuta chanzo.

Na kama inawezekana, pigeni picha ya pili pamoja, ziwekeni mbili sambamba kwenye simu moja. Ukimwonyesha mtu picha yake ya kwanza na ya pili, huna haja ya kueleza sana. Anaona mwenyewe, na kile anachokiona mwenyewe hakisahau.

Sasa kuna upande mwingine ambao watu hawapendi kuusikia. Kuna picha ambazo tatizo lake ni kupendeza kupita kiasi.

Kaka mmoja ninayemfahamu alikuwa anatia filta kwenye picha za mawese yake. Anakoleza wekundu mpaka yanakaribia kuwa kama nyanya. Mteja wa Dodoma akaagiza madumu mawili. Mzigo ukafika, mteja akafungua, akakuta mawese ya rangi ya chungwa, ya kawaida kabisa, mazuri tu, lakini si yale aliyoyaona. Akadai hela yake. Nauli ya kwenda imeliwa, ya kurudi imeliwa. Na yule mteja tangu siku hiyo anasema watu wa Kigoma ni matapeli.

Mimi zile picha nilikuwa nimeziona kabla. Nilijua. Nikanyamaza, nikasema si mzigo wangu. Hapo pia nilikosea. Nilipaswa kumwambia, "Kaka, picha yako inaahidi zaidi ya ulichonacho. Mteja akifungua dumu atakuuliza." Maoni ya namna hii ni magumu kuliko ya mwanga na kivuli, kwa sababu unagusa uaminifu wa mtu. Lakini yanasemeka kwa heshima, tena inboksi. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Filta nayo inaweza kupotosha.

Na wauza vitenge mnanielewa vizuri hapa. Kitenge cha rangi ya chungwa ukikipiga picha usiku chini ya taa ya njano kinakuwa kama chekundu. Muuzaji hakukusudia kudanganya. Lakini mteja akishakatiwa na fundi halafu akaona rangi siyo, hataki kusikia habari za taa. Mwambie mwenzako akitoe nje asubuhi, akitundike kwenye kamba kivulini, apige upya. Halafu akishike kitenge chenyewe mkononi alinganishe na simu. Vikifanana, aposti.

Vivyo hivyo picha za zamani. Mwaka 2024 uvuvi kwenye ziwa letu ulisimamishwa miezi mitatu, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kipindi kile tuliokuwa na akiba tuliuza akiba. Lakini kuna watu waliendelea kuposti picha za dagaa wabichi wanaoruka kwenye wavu, za mwaka uliopita. Mteja akiuliza, stori nyingi. Kumwambia mwenzako "picha hii ni ya zamani, piga ya mzigo ulio nao leo" ni msaada. Kama mzigo wa leo si mzuri kama wa mwaka jana, basi bei nayo iseme hivyo.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: kwa nini nimfundishe mshindani wangu? Akipiga picha nzuri si atanichukulia wateja?

Nakuelewa, na mimi niliwaza hivyo miaka mingi. Lakini fikiria. Huku kwetu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kipindi cha giza. Mbalamwezi ikipamba moto, mitumbwi mingi inapumzika. Kuna siku mimi nina mzigo na wewe huna, na kuna siku wewe unao na mimi sina. Mteja wa jumla akitaka gunia kumi na mimi nina nne, nazitoa wapi sita? Kwako. Na nikimtumia picha zako, anapima mimi na wewe kwa pamoja. Picha yako ikiwa kama ile ya turubai la bluu, oda yote inakufa, na zile nne zangu nazo zimekufa.

Halafu mteja wa mbali hajui majina yetu. Anachojua ni "dagaa wa Kigoma" na "mawese ya Kigoma". Akipata picha chafu kwa mmoja wetu, anahisi mzigo wetu wote mchafu. Akidanganywa na mmoja, tumedanganya wote. Jina hilo ni letu sote, na kulitunza ni pamoja na kuambiana ukweli mapema, kabla mteja hajatuambia.

Mwingine atasema: watu wa huku hawapendi kukosolewa, ukimwambia anakununia. Ni kweli wapo. Lakini mara nyingi kinachomnunisha mtu ni namna alivyoambiwa na mbele ya nani alivyoambiwa. Yule dada wa Mwanga hakukataa ukweli. Alikataa kuchekwa. Mtu aliyekopa vikoba akanunua mzigo, akausomba mwenyewe kwa bajaji, akaupiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka, tayari amefanya kazi kubwa. Anza kwa kuiona hiyo kazi. Kama dagaa wake ni wasafi, sema ni wasafi, kama unaliona hilo kweli. Usimsifie uongo ili umpeleke kwenye lawama. Watu wanajua ujanja huo.

Na wewe unayeambiwa, nawe una wajibu wako. Ukiambiwa picha haionekani vizuri usianze kujitetea: simu yangu mbovu, nilikuwa na haraka, wateja wangu wamezoea. Mteja haoni haraka yako. Muulize aliyekuambia swali moja tu: "Wewe ulipoiangalia uliona nini kwanza?" Jibu lake lina faida kuliko vidole gumba ishirini. Akisema aliona ndoo ya kufulia kabla ya kuona samaki, toa ndoo. Akisema hajui sado lako lina ukubwa gani, weka kiberiti pembeni au ushike kwa mkono ili apate kipimo. Ukiona ushauri haukufai, mshukuru, uache. Si kila anayesema anajua.

Nimalizie habari ya yule dada. Hakurudi kwenye kundi letu, na simlaumu. Alifungua ukurasa wake, akanunua magunia meupe mapya kwa ajili ya kutandika, na anauza. Tulikubaliana jambo moja siku ile ya chai: kabla hajaposti ananitumia picha mimi, na kabla sijaposti namtumia yeye. Hatuandikiani "nzuri". Tunaandikiana tulichokiona.

Juzi nilimtumia picha ya migebuka yangu ya kubanika. Nilijiona nimepiga picha ya maana: ungo mpya, mwanga wa saa kumi jioni, ziwa linaonekana kwa nyuma. Akanijibu baada ya dakika mbili: "Dada, nimeona kidole chako cha mguu kabla sijaona samaki."

Nikaangalia. Kweli kipo, pale chini kwenye kona. Nikapiga upya, na ile oda ya Morogoro nikaipata.

Leo tufanye hivi. Chagua picha moja ya mwenzako uliyoipitia kimya kimya wiki hii huku ukijua ina kasoro. Mfuate inboksi, bisha hodi, mwambie kitu kimoja ulichokiona. Halafu njoo hapa kwenye komenti utuambie alikujibu nini. Usitaje jina lake.